Taya la Fundi Makochi

Umemwona. Usijitie hamnazo. Umemwona dukani, umemwona kwenye foleni ya benki, umekaa naye hata msibani: mtu anayeongea huku kiganja kimeziba mdomo, akicheka anainamisha uso kama aliyedondosha kitu. Ukajua kuna pengo pale. Ukageuza macho ukaangalia ukuta, kisha ukajisifu moyoni kwamba una adabu. Hiyo si adabu. Mwenye adabu angeuliza nani alilitoa jino lile, na baada ya kulitoa aliacha nini mle ndani. Hukuuliza. Basi leo utatazama ndani ya kinywa cha mtu mmoja mpaka mwisho, na shingo yako itulie.

Mtu mwenyewe ni fundi makochi. Mwanamke wa makamo, mabega mapana, vidole vya gundi. Karakana aliirithi kwa baba yake: chumba kirefu nyuma ya duka la rangi, sponji zimesimamishwa ukutani kama magodoro ya wagonjwa, viti vilivyovuliwa vitambaa vimebaki springi na mbavu. Hufanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hukata na kushona vitambaa, na ambaye mdomo wake haujapata likizo tangu alipojifunza kusema mama.

Pamoja na karakana alirithi namna ya kufanya kazi. Fundi makochi wa shule ile huchota vijimisumari vifupi kwa vidole, akavirusha mdomoni, akaviweka shavuni. Ulimi unakigeuza kimoja kimoja na kukitanguliza kati ya meno ya mbele, kichwa kikiwa nje. Nyundo yenye sumaku inakinyakua pale mdomoni, inakigonga kwenye mbao, inarudi kuchukua kingine. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa muda wote, wa kulia una nyundo, na mkono wa tatu ni mdomo. Bunduki ya stepla ipo, imening'inia ukutani, na kwa makochi mapya ya mbao laini huitumia. Lakini viti vya zamani vya mbao ngumu, ambavyo ndivyo vilivyompa jina mjini, stepla huvichana ukingo. Vile vinataka mdomo.

Chuma kina nguvu kuliko jino. Mwaka baada ya mwaka meno yake mawili ya mbele ya juu yalilika, yakapata nyufa, na mwisho ufa ukashuka hadi mzizini. Akaenda hospitali ya umma, chumba cha meno, akakaa kwenye benchi na wenzake walioshika mashavu. Ndani alikuwamo mng'oaji ambaye mji mzima ulimwita Koleo. Koleo hakuwa mtu mbaya. Benchi lilikuwa limejaa, likiisha linajaa tena, na kazi aliyopewa na wakubwa ilikuwa kulimaliza. Alichoma ganzi, akang'oa, akasema, "Uma pamba, nenda nyumbani." Basi. Tendo lenyewe lilikwisha upesi kuliko kufunga kamba za viatu. Maneno aliyopewa fundi siku ile kuhusu mwili wake ndiyo hayo, na kati ya hayo hakuna hata moja linalogusa mfupa.

Baadaye alitengenezewa meno ya kuvaa, kipande cha plastiki cha rangi ya waridi chenye meno mawili meupe mno. Wahenga walishamaliza habari hiyo: jino la pembe si dawa ya pengo. Mwanzoni kilikaa. Kisha kikaanza kucheza. Kisha kikawa kinashuka chenyewe anapotamka neno lenye herufi nyingi. Akadhani plastiki imeisha. Hakujua kwamba kilichokuwa kikiisha ni yeye.

Akajifunza kufunika mdomo. Kupatana na wateja akamwachia wifi, salamu za majirani akazijibu kwa kichwa. Misumari aliendelea kuishika kwa pembeni ya mdomo, kwa meno yaliyobaki, na kazi ikawa ya polepole. Siku moja mteja mmoja, mwalimu mstaafu mwenye vichekesho, alikuja kuchukua kiti chake, akasema neno likamchekesha fundi ghafla kabla kiganja hakijafika. Meno yakaruka. Yakatua kwenye kochi la mtu mwingine lililokuwa wazi, yakapenya katikati ya springi, yakaenda chini kabisa. Wifi akapiga magoti kuyatafuta kwa tochi ya simu. Mwalimu alitazama dari. Aliitazama kwa bidii, kama aliyeandikiwa somo pale juu, mpaka meno yalipopatikana. Fundi alimwambia wifi jioni kwamba mwalimu angecheka tu, angemsamehe. Tangu siku ile hakutaka tena wateja wamkute. Akisikia hatua mlangoni anaingia nyuma ya sponji, yeye, mwenye karakana.

Wifi ndiye aliyemburuta hospitali. Alisema hawezi kuendelea kuishi na mtu anayejificha karakanani kwake mwenyewe kama panya. Alikuwa amesikia kuna kitengo kipya, ghorofa ya juu, wanakofundishia madaktari wa meno, na kwamba wanapanda meno ya kudumu, mzizi wa kila jino ni skrubu ya chuma kiitwacho titani inayozama kwenye mfupa. Wagonjwa huchaguliwa kwa ajili ya kufundishia. Fundi alichaguliwa. Alipewa daktari kijana, mwanamke mwenye miwani mikubwa na sauti ya kushuka chini, ambaye alimpiga picha ya taya na kuiweka kwenye skrini.

Hapo ndipo fundi alipojua. Pale penye pengo mfupa ulikuwa umenywea, umekuwa mwembamba kama ukingo wa sahani. Daktari alimweleza taratibu. Mfupa wa taya huishi kwa kazi. Mzizi wa jino huutikisa kila mtu anapouma, na mtikisiko huo ndio mshahara wake. Jino likitoka, mwili huona mfupa ule umekaa bure, ukaanza kuuvunja na kuurudisha kwenye damu. Mwili una tabia ya bosi tunayemfahamu sote: usiye na kazi anakufukuza, tena bila barua.

"Skrubu inataka ukuta pande zote," daktari akasema. "Wewe ni mama wa nyumbani... samahani, unanielewa nikisema ukuta?"

Fundi akaisogelea skrini. "Ubao mwembamba ukiupiga msumari, unapasuka."

"Hasa. Kwa hiyo kwanza tuurudishe mfupa."

Kisha fundi akauliza. Siku ile anang'olewa, kulikuwa na kitu kingeweza kufanyika? Daktari akavua miwani akaifuta, haikuwa na vumbi. Akasema kilikuwapo. Lile tundu la jino lingejazwa punje za mfupa siku ileile, likafunikwa, likashonwa. Si kila tundu linahitaji, na hata likijazwa mfupa hupungua kiasi. Lakini huenda asingefika hapa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaiimba tangu tukiwa watoto, tunaichora kwenye kuta za madarasa, halafu tunaweka mtu mwenye koleo chumbani, tunampa benchi lisilokwisha, hatumpi hata kichupa kimoja cha kuzibia ufa. Fundi aliporudi karakanani siku ile hakulia. Alichukua kitambaa cha kiti kilichokwisha kuvutwa vizuri akaking'oa chote, akaanza upya.

Upandikizaji wa kwanza ulifanyika asubuhi, wanafunzi wakiwa wamesimama nyuma. Kabla ya hapo fundi aliuliza mfupa huo unatoka kwa nani. Daktari akasema wa ng'ombe, umechomwa na kusafishwa mpaka yamebaki madini yake tu, punje kama chumvi ya mawe. Mwili huzipanda punje zile kama mmea unavyopanda miti ya kuegemea, ukajenga mfupa wake mwenyewe juu yake. Juu ya punje hulazwa utando mwembamba, kuuzuia ufizi usikimbilie ndani, kwa maana ufizi ni mwepesi na mfupa ni mzito wa miguu. Kisha ufizi unashonwa. Habari za ng'ombe zilimfurahisha sana wifi. Alisema siku akimkuta fundi anatafuna sponji hatamwita daktari, atamwita mchungaji.

Maelekezo yalikuwa wazi. Asile vigumu. Asivute sigara, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Asivae meno yake ya plastiki, yasije yakakandamiza. Asiguse kwa ulimi. Aoshe kinywa kwa maji ya dawa. Fundi aliyashika yote kama amana. Akawa anakula uji na ndizi zilizopondwa, anatembea na pengo lake wazi, analala chali.

Mazoea yana taabu. Wiki zilikuwa zimepita, uvimbe umekwisha, akawa anamalizia kiti cha mwanasheria mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na gari linanguruma nje. Ilibaki safu ya mwisho, chini ya ukingo wa mbele, pale ambapo kitambaa kikilegea kiti kizima kinakuwa na sura ya mtu aliyelala na nguo. Alivuta, akagonga, akavuta, akagonga. Ulimi wake ukaonja chuma. Ndipo alipotambua kwamba shavu limejaa. Na kile kilichokuwa kimekaa katikati, mbele kabisa, kikiegemea ufizi ulioshonwa, kilikuwa kinangoja sumaku.

Alivitoa kimoja kimoja akavifuta kwa aproni. Hakujua amegonga vingapi vilivyotoka mdomoni. Hakumwambia wifi.

Baada ya siku chache akaanza kusikia mchanga kwenye chakula. Akaosha bakuli, akabadili unga, mchanga ukawa bado upo. Alitema punje moja kwenye kiganja, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa kama chumvi ya mawe.

Alipofika kwa daktari kijana alikuwa ameshajitengenezea maneno njiani. Alisema mliukaza uzi. Kitambaa ukikivuta bila kukilegeza chini, mshono unafumuka, kila fundi anajua. Daktari hakukasirika. Aliangalia kwa kioo chake kidogo, akaangalia tena, akasema mshono haukufumuka wenyewe, ufizi ulikuwa umelegezwa vizuri. Umesukumwa kutoka mbele, mahali pamoja, na kitu kigumu.

"Kuna nini kimekaa hapa, mama?"

Fundi akatazama taa. Alitaka sana liwe kosa la uzi.

Mlango ukafunguka, profesa akaingia na wanafunzi wake. Alikuwa mzee mrefu, mgongo umepinda kwa kuinamia vinywa vya watu maisha yake yote. Akaangalia, akageukia wanafunzi, akasema kilichotokea ni utando kufunuka, punje zinamwagika, na sababu ya kawaida ni mgonjwa kutofuata maelekezo. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kalamu zikaanza kuandika.

"Nilifuata," fundi akasema. Kiganja kilikuwa kimeanza kupanda mdomoni. Akakirudisha mapajani. "Mliniuliza sukari, mliniuliza presha, mliniuliza sigara. Misumari hakuna aliyeniuliza."

Mwanafunzi mmoja alicheka puani. Profesa hakucheka. Akavuta kile kiti cha magurudumu, akakaa, wakawa macho kwa macho. Akataka aelezwe, na fundi akamweleza: shavu, ulimi, sumaku, mkono wa tatu.

"Kwa nini hukusema hii ndiyo kazi yako?"

"Mlinitazama mkaniandika mama wa nyumbani. Nilikuwa bado sijafungua mdomo. Na kwa kweli, profesa, nilikuwa nautaka usifunguliwe."

Daktari kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeandika.

"Sawa, hilo ni letu," profesa akasema. "Lakini nikuulize la kwako. Nikikurudia, huo mkono wako utafanya nini?"

"Nitajizuia."

"Ulikuwa unajizuia. Mkono haujui kama umeahidi." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Kiti changu ni kimoja. Nje kuna watu wanangoja nafasi ya kwanza, wewe unataka ya pili. Nimwambie nini yule wa nje?"

Fundi akautazama mlango. Profesa akainuka. Akasema wasafishe, wafunge, ufizi upone. Na siku atakayojua mkono ule unazuiwaje, arudi amwambie.

Hapa unangoja profesa atukanwe. Hatatukanwa, swali lake lilikuwa la haki. Watukanwe waliokaa kwenye viti vya ngozi (viti vilivyofunikwa na watu kama fundi huyu) wakaamua kwamba mji mzima utapewa kiti kimoja cha kurudishia mifupa na vyumba chungu nzima vya kung'olea meno. Hao ndio waliompa mzee yule kazi ya kuchagua nani abaki na pengo. Na wao pengo hawanalo, nenda ukawatazame wakicheka.

Nyumbani, safari hii alimwambia wifi yote. Wifi aliuweka mkasi chini. Kisha akasema, "Wewe ni mjinga, lakini ni mjinga wetu," akaenda kuchana kitambaa.

Walijaribu mengi. Walificha bakuli la misumari nyuma ya mgongo wa fundi. Mkono ukalifuata. Walijaribu kuweka misumari kwenye sahani yenye sumaku kifuani. Ikawa kazi inaenda kama konokono na mkono bado unapanda. Wifi akajitolea kumpiga kofi kila atakapojisahau, na alionekana kulipenda wazo hilo kupita kiasi. Mwisho fundi mwenyewe akachukua barakoa, ile waliyokuwa wakivaa wakati wa kusugua mbao, akaifunga usoni kabla hajagusa nyundo, sahani ya sumaku ikabaki kifuani.

Siku ya kwanza ilikuwa sarakasi. Mkono uliinuka na kiganja cha misumari, ukairusha mdomoni kama kawaida, misumari ikagonga kitambaa cha barakoa na kumwagika sakafuni. Chwaa. Wifi akainama akaokota. Baada ya muda, chwaa. Mkono ulikuwa mtu mwingine kabisa, una akili zake na kiburi chake, haujali fundi anataka nini. Sauti ile ikawa saa yao ya ukutani. Wateja wakauliza kuna nini, wifi akawajibu kwamba wanapanda misumari, mvua zikija watavuna. Na fundi, barakoa ikiwa usoni, alijikuta anatoka nyuma ya sponji na kuongea na watu. Lakini njiani kwenda nyumbani aliivua, akatembea na pengo lake, na alianza kuhesabu kichwani ni watu wa aina gani hutazama ukuta. Aliona ni wale waliovaa vizuri.

Chwaa ikapungua. Ikawa asubuhi tu, mkono ukiwa bado na usingizi. Ikawa siku akiwa na haraka tu. Kisha ikapita siku nzima wifi hajainama. Kisha nyingine. Waliogopa kulisema, wasije wakalitia kijicho. Hata siku mwanasheria yule aliporudi na kiti cha pili, gari likinguruma vilevile, misumari ilitoka sahanini kwenda kwenye nyundo, na mkono haukupita njia ya zamani. Siku hiyo fundi aliivua barakoa mapema, akamaliza safu ya mwisho uso ukiwa wazi, na mkono haukupanda.

Walirudi hospitali wawili. Profesa aliwasikiliza wakiwa wamesimama kwenye korido, kwa sababu alikuwa anawahi chumba cha upasuaji. Fundi alieleza. Profesa akasema mgonjwa anayetaka nafasi atasema lolote.

"Usimwamini yeye," wifi akasema. "Niamini mimi. Mimi ndiye niliyekuwa naokota. Nilikuwa na mgongo, profesa, siwezi hata kuvaa viatu. Muulize mgongo wangu, sasa hivi hauna malalamiko."

Profesa aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Alipoinua uso alimwambia daktari kijana amtafutie siku.

Mara ya pili daktari alimweleza kila hatua kabla ya kuigusa. Mfupa ulionywea zaidi unataka mfupa ulio hai, kwa hiyo walikwangua kidogo nyuma kabisa ya taya la chini, nyuma ya gego la mwisho, mahali penye akiba. Waliuchanganya na punje za ng'ombe na damu yake mwenyewe, ukawa kama mchanga mbichi. Wakautandaza, wakaulaza utando juu. Fundi alikuwa amefunikwa uso, anaona kijani tu cha kitambaa, na ganzi imeufanya mdomo kuwa wa jirani. Ndipo aliposikia, ndani ya mfupa wa kichwa chake, sauti aliyoijua kuliko jina lake. Nyundo ndogo. Ko. Ko. Ko.

Akainua mkono. Kila kitu kikasimama. Daktari akauliza kama anaumia.

"Mnapigilia?" Neno lilitoka limepinda.

"Vijimisumari. Kuubana utando usitembee. Tutavitoa baadaye."

Mahali fulani kooni, chini ya ganzi, fundi akaanza kucheka, na daktari akamsihi aache, atamtoa mkono kwenye mstari. Aliacha. Machozi yalimshuka kando ya masikio na hakuna aliyejua ni ya nini, hata yeye.

Kungoja kulikuwa kurefu. Mfupa hauna haraka, hauogopi mtu, huwezi kuupa hongo wala kuupigia simu kwa mkubwa wake. Fundi alifanya kazi na barakoa, akala laini, akaosha kinywa. Kila asubuhi alisikiliza kwa ulimi uliokaa mbali kama kuna mchanga. Hakukuwa na mchanga. Lakini kutokuwapo kwa mchanga si mfupa, na hilo alilijua. Alichotaka ni kidogo sana ukikipima: asimame mlangoni pa karakana yake mwenyewe, mteja aingie, amjibu. Kwa ajili ya hicho alikuwa amekatwa mara mbili.

Siku ya skrubu ilifika. Profesa alikuja kusimama, mikono nyuma. Daktari kijana akachana ufizi, akaufunua. Akavitoa vijimisumari kimoja kimoja, kila kimoja kikalia kwenye bakuli la chuma. Fundi alikuwa ameushika mkono wa kiti kwa nguvu kiasi kwamba aligundua, kwa kidole gumba, kuwa mshono wa kiti umeanza kuachia. Kisha daktari akachukua ncha ya kifaa akagonga ndani ya kinywa, taratibu, mahali palipokuwa ukingo wa sahani.

Sauti ya ubao mnene haijifichi. Aliisikia kabla ya kuambiwa.

"Umeota," daktari akasema. "Ni mpana. Mama, ni mfupa."

Profesa akainama kutazama, akaguna, akawaambia wanafunzi waje mmoja mmoja, na kwamba kabla ya kutazama kila mmoja aseme kwa sauti mgonjwa huyu anafanya kazi gani. Wakasema. Fundi makochi. Fundi makochi. Fundi makochi. Kisha skrubu zikaingia, polepole, zikakaza.

Bado kulikuwa na miezi ya kungoja mfupa ushike titani, na meno yenyewe baadaye. Lakini mzizi uliokuwa haupo ulikuwapo. Fundi akatoka ameshika pamba mdomoni, wifi akaenda dirisha la dawa, yeye akashuka ngazi peke yake, pole pole, mpaka korido ya chini.

Chumba cha kung'olea kilikuwa palepale. Koleo alikuwa amestaafu, amekuja mwingine, kijana zaidi, koleo ni lilelile. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanzoni mwa benchi alikaa mwanamke mdogo wa umri wa kuwa binti yake, amevaa sare ya kiwandani, amelishika jino la mbele kwa kidole kama anayelibembeleza. Ndiye anayefuata.

Fundi akasimama mbele yake. Alitaka kumwambia kitu kimoja tu: muulize, kabla hajang'oa, tundu hilo litajazwa na nini, na akisema hawana, muulize nani aliye nacho, na kama jino lenyewe haliwezi kuokolewa. Alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa gogo, midomo ya mtu mwingine. Ikatoka sauti ya maji na mate mekundu kidogo kwenye kidevu. Akajaribu tena. Yule mwanamke akasogea pembeni akidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Mzee mmoja kwenye benchi akageuza uso akasoma tangazo ukutani. Mlango ukafunguka, sauti ikaita anayefuata.

Fundi akaweka kiganja kwenye mlango, akauzuia. Anatikisa kichwa. Anaonyesha pengo lake, anaonyesha jino la yule mwanamke, anaonyesha juu, ghorofani. Hakuna anayeelewa. Mlinzi ameshaanza kuja.

Mdomo wake una ganzi mpaka jioni. Wako hauna. Benchi lile liko kwenye hospitali iliyo karibu na wewe, limejaa asubuhi hii, na mfupa ukishaanza kuondoka hauagi. Inuka. Nenda ukasimame pale mlangoni, kabla mlinzi hajafika, uulize kwa sauti ya kusikika mpaka ndani: mkishang'oa, mnamwachia nini?